Mwamuzi Aliyesahau Kutazama Chini

Sulabha alipomwekea mumewe chai asubuhi ile ya Jumapili, Shrirang Mhetre alipiga funda moja, akakunja uso, akasema haina sukari. Mkewe aliweka sufuria chini, akausimamisha mkono mmoja wima na kuulaza mwingine juu yake, kama wafanyavyo wachezaji wa kriketi wanapodai uamuzi urudiwe kwenye runinga.

"Baba Mrunal, koroga kwanza ndipo uamue."

Alikoroga. Sukari ilikuwepo.

Zamani angecheka mpaka chai imwagike. Siku hizi ishara ile ilimchoma, kwa kuwa mji mzima wa Sangli ulikuwa ukimfanyia. Dinkar kinyozi, akiambiwa kwamba upande mmoja wa masharubu umebaki mrefu, alichora sanduku la runinga hewani kwa vidole viwili na kusema, "Ngoja tuulize juu, saheb." Muuza nyanya naye, Shrirang akisema mizani imelalia upande mmoja, aliinua mikono ile ile. Na Shrirang alikuwa mtu wa mizani! Tangu ujana wake alipima magunia kwenye mnada wa manjano, kile kiungo cha mchuzi, na vumbi la manjano lilikuwa limemwingia vidoleni hata sabuni ikakata tamaa. Akisimama uwanjani na kuinua kidole cha shahada kumwambia mpigaji kwamba ametoka, kidole kile kilionekana cha njano tangu upande wa pili. Watu walimwita Kidole cha Manjano, na kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa la heshima.

Sifa yake ilianzia kwenye uwanja wa wazi wa kando ya mto Krishna, ambako kila Jumapili huchezwa michezo hata saba kwa wakati mmoja na mpira wa hawa huangukia katikati ya wale. Alisimama nyuma ya vijiti vya upande wa mrushaji na mbegu sita za ukwaju mfuko wa kushoto. Kila mpira uliporushwa alihamishia mbegu moja mfuko wa kulia, na zikiisha, ova imekwisha. Macho yake yalikuwa na safari yao. Kwanza yalishuka chini kutazama mguu wa mbele wa mrushaji, maana mguu mzima ukivuka mstari wa chokaa mpira ule ni haramu, na hata ukidakwa mpigaji hatoki. Kisha yaliruka juu kumwahi mpigaji. Chini, juu. Safari hiyo ni ya kufumba na kufumbua, na ndiyo kazi yenyewe ya mwamuzi.

Halafu ikaja ligi ya jiji kubwa, yenye taa, muziki, na runinga ya ukubwa wa ukuta wa ghala. Shrirang alichaguliwa, akavalishwa kofia yenye jina la saruji fulani na kutiwa kisikilizio sikioni. Siku ya kwanza mwamuzi wa runinga, anayekaa kwenye chumba chenye skrini, alimwambia, "Miguu tuachie sisi. Mguu ukivuka, king'ora kitalia. Wewe mtazame mpigaji tu." Majuma ya mwanzo alikuwa akiiba mtazamo wa chini kwa mazoea. Baadaye akaacha, akahisi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Ni kazi nusu, na heshima ile ile!

Lakini nusu iliyobaki ilianza kumtesa. Kila alipoinua kidole, mchezaji aliinua mikono. Muziki ukakoma, uwanja mzima ukageukia ukutani, na hapo kidole chake kikaoneshwa kikubwa kama mgomba, cha njano, kikisubiri hukumu. Katika mchezo mmoja wa msimu uliopita alikosolewa mara tatu. Mara ya tatu watu walicheka kabla marudio hayajaisha. Vipande vile vikazunguka kwenye simu za watu, vikamfuata mpaka mnadani, na ligi ikampumzisha.

Sasa kulikuwa na habari mpya, na ndiyo iliyomkosesha ladha ya sukari. Bwana Inamdar, mkaguzi wa waamuzi wa ligi, alikuwa amempigia simu. Angekuja Sangli kutazama fainali ya Kombe la Mto, ambayo Shrirang angeichezesha.

"Mchezo mmoja tu, Mhetre," alisema. "Nikiona macho bado yapo, jina lako linarudi. Nikiona hayapo, usinilaumu."

"Nikirudi, wataacha hii mikono yao," Shrirang alimwambia mkewe sasa, akifunga kamba za viatu.

"Na usiporudi?"

Alijipapasa mfukoni kama mbegu zote zipo, akatoka, akarudi kuchukua kofia, akatoka, akarudi tena kumuuliza Sulabha kama alikuwa amechukua kofia.

"Ipo kichwani," alisema Sulabha. Safari hii hakuinua mikono.

Fainali ilikuwa kati ya Timu ya Reli na Timu ya Ng'ambo ya Mto. Shrirang alipofika aliukuta uwanja wake umevalishwa nguo za harusi. Mfadhili, mwenye duka la pikipiki, alikuwa ameleta spika, ngoma na mabango, na ili mabango yakae ndani ya picha za simu kamba ya mpaka ilikuwa imesogezwa ndani hatua nyingi. Chini ya hema aliketi Inamdar, mwenye miwani ya jua na sahani ya bhadang, ile bisi ya mchele yenye pilipili ambayo mgeni yeyote wa Sangli hapewi nafasi ya kuikataa.

Nahodha wa Reli, Sameer Mujawar, fundi wa mabehewa mwenye tumbo lililomtangulia, aliitazama kamba ile na kutikisa kichwa.

"Saheb, hii ni kriketi au karata? Mpira ukiliponyoka tu gongo la mpigaji, umefika kwa muuza maji ya miwa. Mrushaji apumue wapi?"

"Mfadhili ndiye kataka," alisema Shrirang.

"Mfadhili anarusha? Mwambie aje arushe yeye, tumwone."

Mchezo ulianza, na tangu mpira wa kwanza Shrirang hakuwa na raha. Spika zilipiga muziki mpaka mrushaji alipokuwa hatua mbili kutoka kwenye vijiti. Ule mlio mdogo wa mpira unaoparuza gongo, ambao mwamuzi huishi kwa kuusikia, ulimezwa na ngoma. Wachezaji walidai kwa makelele kwamba mpigaji ametoka, hata kwa mpira uliopita mbali. Aliposema hatoki, vijana wa Reli walichora masanduku hewani, ilhali hapakuwa na runinga, na watazamaji wakaangua kicheko. Kando ya kamba simu zilikuwa zimeinuliwa kama masuke ya mtama.

"Mwamuzi, kweli wa juu kasema nini?" mmoja alipaza sauti.

"Wa juu kaenda kununua paan ya kutafuna!" mwingine akamjibu.

Shrirang alijikaza. Alikaza macho kwa mpigaji asiache kitu kimponyoke: gongo, pedi za miguuni, mikono ya mdaka wa nyuma ya vijiti. Kila alipotoa uamuzi aliiba jicho kuelekea hemani. Inamdar alitafuna na kutikisa kichwa taratibu, na kutikisa kule hakukuwa na maana aliyoijua. Hata hivyo saa zilipita, uamuzi baada ya uamuzi, na hakuna uliowakera watu kuliko kawaida. Jua lilipoanza kuinama upande wa daraja, alithubutu kufikiri kwamba huenda siku ingeisha salama.

Ng'ambo walikuwa wamebakiza mikimbio mitano washinde, lakini wapigaji wao wa mwisho ndio walikuwa uwanjani. Mmoja akitoka, kombe ni la Reli. Anayepokea mpira alikuwa Tejas Lohar, mwalimu wa hesabu, ambaye tangu alasiri alikuwa akiishikilia timu yake peke yake. Anayerusha alikuwa Rutvik Chougule, kijana mrefu mwenye mkufu shingoni na nywele alizonyoa kwa kumwiga nyota mmoja wa runingani.

Rutvik alikuja mbio. Ngoma zilinyamaza kwa kuchelewa. Shrirang alimkazia macho Tejas, akaona gongo linaning'inia kidogo nje, na safari hii akausikia mlio, *tik*, mkavu kama mbegu inayopasuka. Mdaka aliuchukua mpira na Reli wote wakaruka pamoja. Tejas hakusogea, alisimama akijitazama pedi kana kwamba mlio ule ulitoka kwa jirani.

Kidole cha manjano kikapanda.

Uwanja ulilipuka. Fataki zikapigwa, ngoma zikarudi, watu wa Reli wakaanza kulishana peda, vile vitamu vya maziwa, mdomoni. Kule hemani Inamdar alisimama, akavua miwani, akamwinulia Shrirang dole gumba. Hakuna aliyechora sanduku. Hakuna aliyeinua mikono. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kifua chake kilijaa hewa mpaka chini.

Bila kujijua, alikuwa ameshika sikio la kulia. Alikuwa akisubiri sauti ya kumwambia kwamba mguu ulikuwa sawa.

Hapakuwa na kisikilizio. Shrirang alibaki na mkono sikioni. Kwa desturi mwamuzi hufunga mchezo kwa kuviondoa vile vijiti vidogo viwili vinavyolala juu ya vile vitatu. Akivitia mfukoni na kuvuka kamba, yaliyoamuliwa hayarudi. Aliinama kuviondoa, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu mchana, akautazama mstari wa chokaa.

Mbele ya mstari kulikuwa na alama ya kisigino. Haikuwa juu ya mstari, ilikuwa mbele yake kabisa, na chokaa iliyosagwa ilikuwa imeburutwa nayo.

Huenda ilikuwa ya mpira ule. Huenda ilikuwa ya mpira uliotangulia, au ya ova iliyopita, au ya mrushaji mwingine. Alijaribu kukumbuka mguu wa Rutvik ulitua wapi, akakuta mahali pa kumbukumbu ile pako wazi. Akajaribu mpira wa kabla yake, nako wazi. Akarudi nyuma mpaka mchana, mpira baada ya mpira, na kote alimwona mpigaji tu. Alikuwa amechezesha fainali nzima kama mtu mwenye king'ora.

Mwamuzi mwenzake, aliyesimama pembeni, alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea hemani. Simu zote, mpira uliporushwa, zilikuwa zimemwelekea mpigaji. Alama ile aliiona yeye peke yake, na hatua mbili za kiatu chake zingetosha kuifuta. Inamdar alikuwa bado amesimama.

"Chougule!" Shrirang aliita. "Njoo."

Rutvik aliteremshwa kutoka mabegani mwa wenzake, akaja akicheka. Mujawar alimfuata, peda nusu mdomoni.

Kwenye uwanja ule, kabla ya ligi, mwamuzi aliyepitiwa alimuuliza mchezaji mwenyewe, na mchezaji alijibu mbele ya watu. Ndivyo walivyoishi.

"Mguu wako ulitua wapi?"

"Mguu upi, saheb?"

"Wa mbele. Mpira huu wa mwisho."

Kijana aliitazama alama, akamtazama nahodha wake. "Mimi natazama mbele, saheb. Wa kutazama chini ni wewe."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtu anayejibu alichoulizwa, na ndiyo maana jibu lile liliuma.

"Saheb," Mujawar aliingilia, akimeza peda haraka, "mpira umedakwa, ngoma inalia, watu wanakula tamu. Sasa unataka tuwaambie wateme?"

Tejas Lohar alikuwa amefika kwenye kamba, glavu mkononi. Alipoona mkusanyiko alirudi polepole. Shrirang akamgeukia.

"Mwalimu, uliugusa?"

"Niliugusa," alisema Tejas.

"Na ukasimama pale kama mlingoti?"

"Siku hizi nani anaondoka mwenyewe, saheb? Ningeondoka wangeniita mjinga mpaka shuleni."

"Umesikia?" Mujawar alipiga makofi. "Kakiri! Ameugusa, umedakwa, kwisha. Mshukuru Mungu, tia vijiti mfukoni, twende tukanywe chai."

Shrirang alivitazama vijiti vidogo alivyokuwa ameshaviondoa, vimo kiganjani. Hemani Inamdar alikuwa amevaa miwani tena. Kanuni ilikuwa wazi: hajavuka kamba, anaweza kubadilisha, na penye shaka, mpigaji ndiye hupewa. Lakini kanuni haikusema namna ya kuwaambia watu mia kadhaa waliokwisha kupiga fataki.

Alivirudisha vijiti vidogo mahali pake. Vilimchukua muda, kimoja kilianguka.

"Sikuangalia mguu," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia kwa nguvu. "Sikuangalia. Sijaangalia tangu mchana. Siwezi kumtoa mtu kwa kitu ambacho sikukiona chote."

Akanyosha mkono pembeni, usawa wa bega. Mpira haramu.

Ngoma zilikufa moja moja. Kisha makelele yakaja kutoka pande zote, na upande wa Reli mikono ikaanza kuinuka, mmoja wima, mwingine juu yake, mamia, wazee kwa watoto, hata muuza maji ya miwa aliyeacha mashine yake ikizunguka mua mtupu.

"Ng'ambo wamekununua kwa gunia gani la manjano?"

"Mpelekeni hospitali ya macho Miraj, si mbali!"

Mpira haramu ulileta mkimbio mmoja, ikabaki minne. Rutvik alirudi mwanzo wa mbio zake uso umemwiva kwa hasira. Shrirang alihamisha mbegu kurudi mfuko wa kushoto, akaidondosha, akaiokota. Mrushaji akaja. Shrirang alishusha macho, akauona mguu, nusu ya kiatu ikiwa nyuma ya mstari, halali kabisa. Akayarusha macho juu.

Alichelewa. Mpira ulikuwa tayari umeshapiga pedi ya Tejas, *paf*, mbele ya vijiti, na Reli wote walikuwa wamemgeukia wakinguruma. Pedi ikiuzuia mpira uliokuwa ukielekea vijitini, mpigaji hutoka; je, huu ungevigonga vijiti, au ungepita juu? Alikuwa ameona mwanzo na mwisho, katikati palikuwa na ukungu. Safari ile ya chini na juu, ambayo macho yake yaliifanya kwa miaka mingi bila kuagizwa, ilikuwa imepotea njiani.

"Hatoki," alisema.

Mujawar alikaa chini kwenye nyasi, tumbo na yote.

Mpira uliofuata Tejas aliupiga kwa pembe ya gongo. Haukuwa pigo la kusifiwa. Ulidunda dunda, mlinzi mmoja akaukimbilia na kujitupa, ukagusa kamba mbele ya vidole vyake. Pale kamba ilipokuwa zamani angeukamata akiwa anatembea. Mpira uliofika kambani ni mikimbio minne. Ng'ambo walivamia uwanja, na watu wa Reli wakawa wanatupa fataki zilizobaki mtoni.

Inamdar alimsubiri nyuma ya hema, karibu na gari lake. Shrirang alitembea kumwendea kama mtu aliyeitwa polisi.

"Keti," alisema Inamdar, ingawa hapakuwa na kiti. Alicheka mwenyewe, kisha akaacha. "Mhetre, mimi nilisimama uwanjani miaka ishirini. Ulichofanya leo, mimi nisingethubutu."

"Basi, saheb, jina langu..."

"Subiri. Kwenye ligi, mguu unatazamwa na mashine. Hilo ulilolisahau, kule hatulihitaji. Ningekusamehe." Alifuta miwani kwa ncha ya shati. "Ila ulisimamisha mchezo. Wachezaji wanasherehekea, wewe unawaita na kuwahoji kama mwalimu wa zamu. Kule tangazo la biashara likishaingia runingani, limeingia. Natafuta mtu anayeamua na kuendelea mbele. Akikosea, wa juu atarekebisha."

"Na wa juu naye akikosea?"

"Basi amekosea wa juu. Si wewe." Alimshika bega. "Hiyo ndiyo raha yake, na wewe hukuiona."

Gari liliondoka likiacha vumbi. Shrirang alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, asipite kwa Dinkar.

Sulabha alikuwa ameshasikia. Sangli habari hufika kabla ya mwenyewe. Alimpa chai, naye akaikoroga muda mrefu kabla ya kuionja.

"Jina halirudi," alisema.

"Nimesikia."

"Na Mujawar anasema Reli hawatacheza tena mimi nikiwa uwanjani. Ng'ambo nao wanasema ule mpira wa pedi nilikisia tu. Kweli nilikisia, Mama Mrunal. Ligi nimeikosa, sawa. Lakini kama macho yamesahau, hata huu uwanja wa mto nitaupoteza. Jumapili ijayo nitasimama pale na kuona nini?"

Asubuhi iliyofuata, Sulabha alipokuwa kizingitini akinyunyiza unga mweupe wa rangoli, ile michoro ya maua ya baraka, kama kila siku, mumewe alitoka akiwa ameshavaa nguo za mnadani. Alimwomba, badala ya ua, achore mstari mmoja ulionyooka.

"Bila ua mlangoni, majirani watasema tumefiwa."

"Waseme. Sasa nenda mwisho wa ua, uje mbio. Ukikanyaga karibu na mstari, hapo hapo ninyoshee vidole, idadi yoyote."

"Mimi? Na sari hii?"

"Ikunje."

Aliikunja, akiangalia huku na huku kama mwizi. Shrirang alisimama nyuma ya mstari, mikono mgongoni, ameinama kidogo. Sulabha akaja mbio, vikuku vikilia, akakanyaga, akainua mkono.

"Mguu?"

"Nyuma ya mstari. Halali."

"Vidole?"

"Vitatu," alikisia.

"Vilikuwa viwili, Baba Mrunal."

Mkono wa kushoto wa Sulabha ulianza kupanda, ule wa kulia ukiuendea juu, kwa mazoea. Alimwona mumewe uso, akaishusha mikono yote miwili na kuifuta kwenye sari. Kule barabarani mikokoteni ya magunia ilikuwa imeanza kuelekea mnadani, na mumewe alipaswa kuwa ameshafika kwenye mizani.

"Rudi tena mwanzo," alisema Shrirang, akakaza macho kwenye unga mweupe.